Ekari tano zilizokataa kumezwa na jiji

Ukishuka matatu katikati ya Nairobi na kupanda Moi Avenue ukielekea upande wa Chuo Kikuu, mkono wako wa kushoto utaiona bustani yenye miti mikubwa na vijia vinavyokatana. Hiyo ndiyo Jeevanjee Gardens. Huenda wewe msomaji umeipita mara mia moja ukiwa mbioni kwenda kazini. Huenda wewe mwanafunzi umelala kwenye nyasi zake ukisubiri karo itumwe kutoka nyumbani. Au labda ulimpeleka mtoto huko Jumapili moja, ukamnunulia karanga, mkasikiliza mhubiri akitisha watu kwa moto wa jehanamu.

Lakini je, umewahi kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba ekari tano katikati ya jiji, mahali ambapo hata kibanda cha kuuzia sigara kina mwenyewe na kodi yake, ziachwe ziwe nyasi na miti tu?

Si serikali. Wala si gavana wa Kiingereza wala meya wa Kiafrika. Bustani hii ilitolewa mwaka 1906 na mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi, mji ambao wakati huo ulikuwa India na leo uko Pakistan. Jina lake ni Alibhai Mulla Jeevanjee.

Mji wa mabati na matope

Ili uelewe uzito wa zawadi hiyo, ni lazima kwanza uione Nairobi ya siku hizo. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899. Kabla ya hapo palikuwa na kinamasi na mto ambao Wamaasai waliuita kwa ubaridi wa maji yake. Wahandisi wa reli walipachagua kwa sababu palikuwa tambarare, garimoshi liweze kupumzika kabla ya kupanda milima ya Kikuyu. Hakuna aliyepachagua kwa ajili ya watu kuishi.

Matokeo yalionekana upesi. Maduka ya mabati yalibanana kando ya barabara ya matope, maji machafu yakikosa pa kwenda. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi, na dawa iliyotumiwa na wakubwa ilikuwa kiberiti: mtaa ulichomwa moto. Hata hivyo mji uliendelea kukua, na mwaka 1905 makao makuu ya utawala yalihamishwa kutoka Mombasa yakaletwa hapa.

Katika mji kama huo, mtu mwenye ardhi alijenga duka. Akipata ardhi nyingine, alijenga duka la pili. Jeevanjee mwenyewe alifanya hivyo, tena kwa bidii. Alikuwa amefungua biashara Mombasa mwaka 1890, na reli ilipoanza kujengwa kampuni yake ikapata kandarasi ya kuleta wafanyakazi kutoka India na kuwapatia chakula. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga reli ile. Karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Jeevanjee alitajirika. Alikuwa na meli, alijenga majengo yaliyokodishwa na serikali, alijenga soko hapa Nairobi. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianzisha gazeti mjini Mombasa, African Standard, ambalo baadaye aliliuza na ndilo unalolijua leo kwa jina la The Standard.

Hebu basi tusimfanye malaika. Utajiri wake ulitokana na jasho la vibarua, kama utajiri mwingi wa zama zile. Hilo linaifanya zawadi yake istahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa maana mfanyabiashara wa aina hiyo hatoi ekari tano bila kujua anachokifanya.

Mapafu ya mji

Fikira kwamba mji unahitaji bustani ya watu wote haikuzaliwa Nairobi. Ilitoka katika miji ya viwanda ya Ulaya na Marekani, ambako moshi wa makaa ya mawe ulifunika anga na familia za wafanyakazi zikabanana katika vyumba visivyo na madirisha. Huko Uingereza mji wa Birkenhead ulifungua mwaka 1847 bustani iliyogharimiwa kwa fedha za umma, na mtu yeyote aliruhusiwa kuingia. Mmarekani mmoja aitwaye Frederick Law Olmsted aliitembelea, akastaajabu, na miaka michache baadaye yeye na mwenzake Calvert Vaux wakachora Central Park ya New York, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1858.

Ilipofika mwanzoni mwa karne ya 20, mji usio na bustani ulihesabiwa kuwa mji nusu. Watu walizoea kuziita bustani hizo mapafu ya mji. Madaktari walizisifu kwa hewa safi, nao wanasiasa walizipenda kwa kuwa zilimtoa mfanyakazi kwenye ulevi siku ya mapumziko. Kila mahali bendera ya Uingereza ilikopepea, bustani ikafuata, na katikati ya bustani ikasimamishwa sanamu ya Malkia Victoria aliyefariki Januari 1901.

Jeevanjee alifuata desturi hiyo hatua kwa hatua. Aliagiza sanamu ya Malkia, akaisimamisha katika bustani yake, na mwaka 1906 Mtawala wa Connaught, mwana wa Victoria, alipokuwa ziarani Afrika Mashariki, akaifunua rasmi. Bustani ikakabidhiwa wakazi wa Nairobi.

Hapa ndipo wengi hucheka. Mbona Mhindi, aliyetawaliwa na Mwingereza kama Mwafrika alivyotawaliwa, amnunulie Malkia sanamu kwa pesa zake? Alikuwa akijipendekeza?

Huenda. Lakini nionavyo mimi, sanamu ile ilikuwa pia hati ya madai. Mwaka 1858, Victoria alikuwa ametoa tangazo kwa raia wake wa India akiahidi kwamba hawatabaguliwa kwa rangi wala dini. Wahindi wenye elimu na mali walilishika tangazo hilo kama mdai anavyoshika stakabadhi ya deni. Na Jeevanjee aliishi katika koloni ambalo Wazungu walikuwa wakidai nyanda za juu ziwe zao peke yao. Mwaka 1908 Waziri wa Makoloni mjini London, Lord Elgin, aliwakubalia kwa kuagiza kwamba Wahindi wasigawiwe ardhi huko kama desturi ya utawala. Kumsimamisha Malkia katikati ya mji, juu ya ardhi iliyotolewa na Mhindi, ilikuwa njia ya kumkumbusha kila mlowezi apitaye pale na farasi wake kwamba ahadi ilitolewa.

Aliyoyafanya baadaye yanaunga mkono maoni haya. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Mwaka uliofuata alikwenda London kulalamika waziwazi juu ya ubaguzi. Mwaka 1914 akawa rais wa kwanza wa chama kilichounganisha Wahindi wa Afrika Mashariki, East African Indian National Congress. Walowezi hawakumpenda hata kidogo.

Nyasi za kutenganisha

Sasa zingatia jambo hili, kwa maana halimo katika vitabu vingi vya shule. Wakati uleule ambapo bustani ya Jeevanjee ilikuwa ikiota miti, wakubwa wa mji walikuwa na matumizi mengine ya nyasi. Mwaka 1913 alitumwa huku mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki. Alipendekeza kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika waishi mbalimbali, na kati ya mitaa ya Wazungu na ya wengine pawe na ukanda mpana wa ardhi tupu. Sababu iliyotajwa ilikuwa magonjwa.

Kwa hivyo, msomaji, ardhi ya kijani ilikuwa na kazi mbili katika Nairobi ya zamani. Kulikuwa na ile ya kukutanisha watu na ile ya kuwaweka mbali. Ukitazama ramani hata leo utaona jinsi upande wa magharibi wa jiji ulivyobahatika kupata miti na nafasi, huku upande wa mashariki, walikowekwa vibarua wa Kiafrika, nyumba zikisongamana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Mzazi wa Eastlands anayempandisha mwanawe matatu Jumapili ili akaone nyasi mjini anatembea juu ya ramani hiyo, ajue asijue.

Wala Mwafrika hakuwa huru kukaa mjini alivyotaka. Kuanzia mwaka 1920 alitakiwa kubeba kipande, kilichotiwa katika kikebe na kuning'inizwa shingoni, na polisi aliweza kumsimamisha popote. Mwezi Machi 1922, Harry Thuku aliyepinga kipande na kodi alikamatwa, akazuiliwa kituo cha polisi kilichokuwa karibu na bustani hii. Umati ulikusanyika nje kudai aachiliwe. Mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume kwa woga wao na kuwaongoza kusonga mbele. Askari walifyatua risasi tarehe 16 Machi, na zaidi ya watu 20 wakauawa, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Ukisimama kwenye kona ya juu ya Jeevanjee leo, pale palipomwagika damu ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.

Bustani nyingine za enzi hizo zilikuwa na hadithi tulivu zaidi. Arboretum, ambako wanafunzi wengi hukimbilia kusoma wakati wa mitihani na wapenzi hukimbilia wakati wote, ilianzishwa mwaka 1907 kwa sababu isiyohusu mapumziko kabisa. Injini za reli zilikuwa zikila kuni bila kushiba, na misitu ya karibu ilikuwa ikipungua. Afisa wa misitu aliyeitwa Battiscombe alitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi ili ilishe garimoshi. Kwa hiyo kivuli unachokifurahia kwenye hekta zipatazo 30 za Arboretum kilianza kama jaribio la kuni! City Park ya Parklands nayo ni kipande cha msitu wa asili ambacho mji ulikizunguka, kikatiwa vijia, maua na jukwaa la bendi. Tumbili wake ni maarufu kuliko madiwani wengi. Humo amezikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 na kufariki 1990, karibu na makaburi alikolazwa rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa Februari 1965.

Walipokuja na michoro

Jeevanjee aliaga dunia mwaka 1936. Uhuru ukaja, barabara zikabadilishwa majina, Government Road ikawa Moi Avenue. Bustani ikabaki. Hatari yake kubwa haikuja na mkoloni, ilikuja na bei ya ardhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanyakuzi walianza kuitazama kila nafasi iliyo wazi jijini kama fisi atazamavyo mfupa. Mwaka 1989 ikajulikana kwamba kampuni ya magazeti ya chama tawala ilikusudia kujenga jengo la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement alianza kuandika barua: kwa kampuni, kwa mawaziri, kwa wafadhili wa kigeni. Wabunge walimtukana bungeni, wengine wakidhihaki talaka yake. Aliulizwa kwa nini mwanamke mmoja azuie maendeleo ya taifa. Hata hivyo wafadhili walipata aibu, fedha zikakosekana, na mwaka 1992 ua wa mabati uliozungushwa pale ukang'olewa.

Kabla kelele hizo hazijatulia, mwaka 1991 zamu ya Jeevanjee Gardens ikafika. Mpango ulikuwa wa kuijenga: maegesho ya magari ya orofa kadhaa na maduka. Kumbuka kwamba wakati huo Nairobi haikuwa na madiwani. Tangu 1983 jiji lilikuwa likiendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali, hivyo mwananchi hakuwa na diwani wa kumlilia.

Waliosimama mbele walikuwa wanawake wawili wa ukoo wa Jeevanjee: binti yake, Shirin Najmudean, na mjukuu wake, Zarina Patel. Hoja yao ilikuwa rahisi na ngumu kujibiwa. Ardhi hii ilitolewa kwa watu wa Nairobi, na hasa mnyonge asiye na ua wa kupumzikia nyumbani kwake. Tume ya Jiji ilikabidhiwa iitunze, haikupewa iuze. Zarina Patel alizungumza na magazeti, akatafuta saini, na watu waliokuwa hawajui hata jina la bustani linatamkwaje wakajitokeza kuitetea. Prof. Maathai naye akaunga mkono. Mpango ukafa. Patel hakuishia hapo. Alichimbua maisha ya babu yake na mwaka 1997 akachapisha kitabu kuhusu mapambano yake dhidi ya ubaguzi.

Nimejaribu kuwaza ingekuwaje kama Jeevanjee angeacha pesa badala ya ardhi, au angejenga ukumbi. Pesa zingetumika. Ukumbi ungebomolewa ukajengwa mwingine mrefu zaidi. Lakini zawadi ya mahali palipo wazi, yenye jina la mtu na ukoo unaokumbuka, iliwapa watetezi kitu cha kushika mkononi. City Park haikuwa na ukoo wa namna hiyo, nayo ililiwa kingo zake kidogo kidogo. Ilibidi kusubiri hadi 2009 ndipo itangazwe rasmi kuwa turathi ya taifa inayolindwa na sheria. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu unyakuzi wa ardhi ya umma ilionyesha jinsi mtindo huo ulivyoenea kote nchini, na viwanja vya bustani, vyoo vya umma na makaburi havikusazwa.

Kwako mwanafunzi unayetaka kujua zaidi, au mzazi unayeshuku kwamba uwanja wa watoto mtaani kwenu umeanza kuzungushiwa mabati usiku, kuna jambo la kukumbuka. Sajili ya ardhi si siri. Mtu yeyote mwenye nambari ya kiwanja anaweza kuomba upekuzi rasmi na kulipa ada, aonyeshwe kimesajiliwa kwa jina la nani. Katiba ya mwaka 2010 nayo imeeleza katika kifungu cha 62 ardhi ya umma ni ipi. Unyakuzi mwingi ulifaulu kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza mapema.

Bunge lisilo na mishahara

Jambo ambalo Jeevanjee hakulitarajia ni kelele. Kuanzia miaka ya 1990 vijana na wazee wasio na kazi walianza kukutana chini ya miti yake kujadili siasa, bei ya unga na wizi wa mali ya umma. Mkutano huo ukapewa jina la Bunge la Mwananchi, ukawa na maspika wake na kanuni zake, ila marupurupu ndiyo hakuna. Polisi waliwatawanya mara nyingi, nao walirudi mara nyingi. Kando yao wahubiri wa saa saba mchana walishindana kwa sauti, wapiga viatu rangi wakatafuta wateja, na makarani wakala ndizi zao za chakula cha mchana huku wakijifanya hawasikilizi.

Yeyote aliyewahi kuketi pale anajua kwamba bustani haiko katika hali ambayo aliyeitoa angeiacha. Nyasi huchakaa, mifuko ya takataka huvuja, na usiku si mahali pa kumpitisha mtoto. Kina mama wengi wameniambia kwamba wangependa kuja na watoto lakini choo kinawatia hofu. Hilo ni lalamiko la haki, na mlalamikiwa ni yule mwenye bajeti, si yule maskini aliyelala kwenye nyasi.

Na Malkia? Alisimama pale zaidi ya miaka 100, mdogo wa umbo, akisahauliwa na wengi waliopita miguuni pake. Mwaka 2015 watu wasiojulikana walimwangusha usiku kutoka kwenye jiwe lake. Jiji halikufanya maandamano, na gazeti lililoandika habari hizo halikuzipa nafasi kubwa. Sanamu ya Jeevanjee mwenyewe nayo iliwekwa ndani ya bustani, kichwa na mabega tu, na watoto huiegemea wakipigwa picha bila kujua ni ya nani.